Msamaha wa Kodi Unaoishia Bandarini: Viti Mwendo na Njia za Mawengi

Kiti mwendo kinachoshushwa Bandari ya Dar es Salaam hakitozwi ushuru wa forodha. Jedwali la ushuru wa pamoja la Afrika Mashariki limekiwekea asilimia 0. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya mwaka 2014 nayo imeviweka vifaa vya watu wenye mahitaji maalumu kwenye orodha ya msamaha.

Makala hii haina ugomvi na msamaha huo. Inauliza unamfaa nani lori likishapanda Kitonga, likashusha mzigo Makambako, na safari ikaendelea hadi Mawengi, wilayani Ludewa.

Mawengi ni milima na matope. Kiti cha hospitalini, chenye vigurudumu vidogo mbele, hunasa hatua chache tu nje ya mlango. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 ulisisitiza kwamba kiti kimfae mtumiaji na mazingira anamoishi. Kwa njia za Ludewa, kinachofaa ni kiti cha magurudumu matatu au baiskeli ya kuendeshwa kwa mikono, vyombo ambavyo fundi wa kuchomelea mwenye mafunzo anaweza kuviunda. Umeme upo: mtambo wa maji wa Mawengi, unaosimamiwa na jumuiya ya watumiaji, LUMAMA, unawasha vijiji vya huko.

Katika uundaji huo ndipo kodi inapojificha. Fundi hununua mabomba ya chuma, fimbo za kuchomelea na rangi kama mnunuzi mwingine yeyote. Chuma cha shilingi 200,000 kabla ya kodi, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, huongezewa shilingi 36,000. Hata angekuwa amesajiliwa VAT, asingerudishiwa fedha hiyo, kwa sababu bidhaa iliyosamehewa haimpi muuzaji haki ya kudai kodi aliyolipia malighafi. Basi kiti cha ng'ambo kinapita bandarini bila VAT, na kile cha kijijini kinaibeba tumboni. Matengenezo nayo ni vivyo hivyo: dukani hakuna anayeuliza tairi au beringi inakwenda kufungwa kwenye chombo gani.

Uingereza ilichagua njia nyingine. Viti mwendo vya mtu mwenye ulemavu hutozwa VAT ya asilimia 0, si msamaha, kwa hiyo muuzaji hudai kodi ya malighafi. Mnunuzi hutia saini tamko la hali yake, na ukarabati wa kifaa nao huingia humo.

Kenya, kwa upande wake, imemsamehe kodi ya mapato mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa, kwa shilingi za Kenya 150,000 za kwanza za kila mwezi. Ni nafuu kubwa kwa mwalimu au karani. Kwa mkulima asiye na hati ya mshahara, si kitu.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 20 kinataka vifaa vya kutembelea vipatikane kwa bei nafuu. Wizara ya Fedha na Mamlaka ya Mapato (TRA) zianze na jambo dogo: malighafi na vipuri vya viti mwendo virejeshewe kodi kwa stakabadhi ya mashine ya kielektroniki ya kodi (EFD), afisa ustawi wa jamii wa halmashauri akithibitisha mtumiaji. Halmashauri nazo, zinapogawa asilimia 2 ya mapato yao ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu, zivikumbuke vikundi vinavyotaka kufungua karakana ya vifaa hivyo.