Kiwiko Kinyooshwe

Mshipa wa fahamu uitwao alna, yaani ule unaopeleka hisia kwenye kidole cha mwisho na sehemu ya kidole cha pete, hupita nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, mahali penye nyama haba, na ndiyo maana mtu akijigonga hapo huhisi kama amepigwa na umeme. Kiwiko kinapokunjwa kwa muda mrefu, simu ikiwa sikioni, mshipa huo huvutika na kubanwa. Dalili zake ni ganzi katika vidole hivyo viwili, na pengine maumivu ya kiwiko.

Kinga ni kukinyoosha kiwiko. Mtu mwenye mazungumzo marefu ya simu anashauriwa kubadilisha mkono, au kutumia vipokea sauti vya masikioni ama spika ya simu, ingawa spika ndani ya daladala ni karaha kwa abiria wengine. Anayesoma jumbe kitandani asikiegemee kiwiko, na wakati wa kulala asikikunje sana. Kiwiko kinyooshwe. Ganzi isiyoondoka, au mkono unaoanza kudondosha vitu, humpasa mtu kwenda kituo cha afya mapema, kwa kuwa misuli ya kiganja ikishasinyaa ni vigumu kuirejesha.