Kufunga Faili kwa Usalama katika Python: Mfano wa Daftari la Kahawa

Mada kwa makarani na waandishi wa programu, Ihanda, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe

1. Tatizo

Msimu wa kahawa ukipamba moto hapa Mbozi, foleni ya mizani haina subira. Tuchukulie chama cha msingi kina mizani miwili, na kila mmoja una programu yake kwenye kompyuta ileile. Faili la jumla linasema kilo 1,200. Programu ya kwanza inasoma 1,200 ili iongeze 80. Kabla haijaandika, ya pili nayo inasoma 1,200 ili iongeze 50. Ya kwanza inaandika 1,280, ya pili inaifuta kwa 1,250. Kilo 80 zimepotea, na kompyuta haikulalamika hata kidogo.

2. Dawa yake

Kwenye Linux tunatumia `flock`, iliyokuja na 4.2BSD mwaka 1983. Python huifikia kupitia moduli ya `fcntl`. Programu huomba kufuli la `LOCK_EX`. Nyingine ikiomba, husubiri zamu. Kusoma, kujumlisha na kuandika vyote vifanyike ndani ya kufuli moja. Ukifunga wakati wa kuandika tu, umechelewa: namba uliyonayo tayari imechakaa.

Kufuli hili ni kama hodi: humzuia anayeipiga tu. Programu isiyoomba kufuli itaingia na kuandika itakavyo.

3. Mitego

Kwanza, `open` yenye `'w'` hufuta yaliyomo papo hapo, kabla kufuli halijapatikana. Tumia `'r+'`.

Pili, Python huweka maandishi kwenye kumbukumbu kwanza. Ita `flush` kabla ya kufungua kufuli, na `os.fsync` ukihofia umeme kukatika.

Tatu, badala ya `flock` wapo wanaounda faili la alama ya kuonyesha kuwa kazi inaendelea, na kulifuta wakimaliza. Programu ikifa katikati, alama inabaki na kazi yote inasimama. Kufuli la `flock` huachiwa na mfumo endeshi wenyewe.

Nne, `lockf`, njia nyingine ya kufunga iliyomo kwenye `fcntl`, ina tabia yake: programu ikifungua faili lilelile mara mbili kisha ikafunga mara moja, kufuli lote linaachiwa.

Tano, Windows haina `fcntl`. Huko kuna `msvcrt.locking`.

4. Mapendekezo

Weka kufuli kwenye faili la pembeni lisilofutwa kamwe. Tumia `LOCK_NB`, inayoomba kufuli bila kuganda, ukijaribu tena hadi ukomo wa kusubiri, ili karani aone ujumbe badala ya skrini iliyoganda. Waandikaji wakiongezeka kwenye kompyuta moja, hamieni hifadhidata ya SQLite, inayojifungia yenyewe. Kompyuta zikiwa nyingi, tumieni seva ya hifadhidata kama PostgreSQL.

Kabla ya msimu kuanza, endesheni programu mbili kwa pamoja, kila moja iongeze kilo 1 mara 1,000. Jumla isipoongezeka kwa 2,000 kamili, programu hiyo isikabidhiwe kahawa ya mkulima.