Swali Asiloulizwa Muuza Mayai



Kila aliyemo ukumbini humu ana msimamo kuhusu kuku wa kienyeji na kuku wa kisasa, na wengi wenu mngeutetea kwa saa nzima bila kuandaa karatasi. Wa kienyeji ana ladha, supu yake inanukia hadi kwa jirani. Wa kisasa ni maji matupu, tena "ana madawa". Ukiyasikiliza vizuri mabishano hayo utaona yote yanamhusu mlaji. Kuku aliyeishi na kufa hayumo. Anayetoa fedha nyingi kwa jogoo wa Singida analipia ulimi wake na afya yake, si maisha ya jogoo. Sina ugomvi naye. Ila asituambie kwamba hayo ndiyo maadili.

Mada yangu ni deni la mnunuzi kwa ndege anayemla. Na nitadai kwamba miaka yote hii tumemweka kizimbani kuku wa nyama, huku mwenye malalamiko mazito zaidi ni mtetea wa mayai, ambaye hatumtaji kabisa.

Tumalizane kwanza na huyo wa nyama. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha matokeo ya kufuga pamoja, kwa chakula kilekile, kuku wa ukoo uliohifadhiwa tangu 1957 na wa ukoo wa 2005. Siku ya 56 wa kwanza alikuwa na wastani wa gramu 905, wa pili gramu 4,202. Hakuna sindano ya kukuzia hapo. Ukuaji umo ndani ya damu yenyewe, na tatizo nalo limo humohumo, kwa sababu miguu haikui kwa kasi ya kifua. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2008, uliowakagua kuku 51,000 wenye umri wa siku 40 hivi, ulikuta zaidi ya asilimia 27 wanatembea kwa shida, na asilimia 3.3 karibu hawawezi kutembea kabisa. Watafiti wengine, mwaka 2000, waliwawekea kuku vyakula viwili, kimoja kikiwa na dawa ya maumivu. Wenye kuchechemea walikila zaidi kile chenye dawa, na kadiri mguu ulivyokuwa mbovu ndivyo walivyozidi kukila. Nimefundisha falsafa ya maadili muda mrefu. Sijakutana na hoja inayoweza kuufuta ushahidi huo.

Hata hivyo, wengi wa kuku wetu wa nyama huchinjwa wiki ya nne au ya tano, wakiwa na kilo moja na kitu, kabla miguu haijaelemewa. Maisha yao ni mafupi na ya msongamano, lakini ni ya sakafuni, juu ya maranda. Naye wa kienyeji tusimpambe kupita kiasi. Amechakura, ameota jua, ameatamia, kweli. Lakini vifaranga wenzake wengi waliishia kwa mwewe, na mdondo ukipita kijiji kisichochanja huacha mabanda matupu. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto, ni tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu, na haihitaji jokofu wakati wote. Mwisho wa yote, aliyeishi huru hutiwa kwenye tenga na kusafirishwa karibu kilomita 700 hadi Dar es Salaam, bila tone la maji, amelaliwa na wenzake. Mnunuzi wa soko la Shekilango humwinua, hupapasa kifua, hutazama macho, hupunguziwa bei. Siku hiyo moja ya tenga ni sehemu ya kuku aliyemnunua.

Sasa mayai.

Kuku wa nyama huishi wiki chache. Mtetea wa mayai huanza kutaga akiwa na miezi minne na nusu hivi, na huendelea zaidi ya mwaka mzima. Kwa mwaka hutaga mayai yanayokaribia au kupita 300. Wa kienyeji, 40 hadi 60. Madini ya kutengenezea maganda hayo yote hutoka kwenye chakula, na chakula kisipotosha, hutoka kwenye mifupa yake. Baada ya hapo huuzwa kwa bei ya kutupa, akawa supu. Kwa hiyo ukipima uzito wa maadili kwa muda ambao ndege ameishi chini ya masharti tuliyompangia, sahani ya chipsi mayai ina kesi kubwa kuliko paja la kuku wa kukaanga. Sijawahi kusikia mtu akiliuliza hilo mbele ya kikaango.

Wafugaji wetu wengi bado wanafuga sakafuni. Lakini tazameni matangazo ya vifaa vya ufugaji: kinachouzwa kama maendeleo ni vizimba vya nyaya vya ghorofa tatu au nne, wenyewe wanaviita keji. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 1999 agizo la kuviondoa vizimba vya kawaida, na marufuku ikaanza rasmi Januari 1, 2012. Katika miaka ya mwisho ya kipindi cha mpito, kipimo cha chini kilikuwa sentimita za mraba 550 kwa kuku. Karatasi ninayoisoma hapa, ya A4, ina 624. Wenzetu wametumia fedha nyingi kung'oa kile ambacho sisi tunakopa benki ili tukifunge.

Lakini ubaya wa kizimba tunaujuaje? Macho ya binadamu hudanganya. Kamati ya Brambell, iliyoundwa na serikali ya Uingereza baada ya kitabu cha Ruth Harrison cha mwaka 1964 kuamsha umma, ilipendekeza sakafu ya nyaya nene, ikiamini nyembamba zinaumiza miguu. Mwaka 1973 watafiti Hughes na Black wakawaachia kuku wachague wenyewe. Wakachagua nyembamba. Ninalipenda tukio hilo kwa sababu linatufundisha adabu: muulize kuku, usijiulize wewe.

Wameulizwa pia kuhusu kiota, na jibu lao limekuwa zito. Mtetea anayekaribia kutaga husukuma mlango mzito ili afike kwenye kiota, kwa bidii isiyopungua ile ya kuku mwenye njaa anayekifuata chakula. Aliyekulia nyumba yenye kuku hahitaji maabara kulijua hili. Asubuhi jua likishapanda, mtetea huanza kulia kwa sauti ya chini, ya kukatakata. Huchungulia uvunguni, hupanda juu ya gunia la mkaa, huingia kapu la nguo. Mama humfukuza kwa ufagio. Hurudi kwa mlango wa uani. Anatafuta mahali pa faragha, na hatulii mpaka apate. Katika kizimba mtetea huyohuyo hupatwa na haja hiyohiyo karibu kila siku anayotaga, akageuka huku na kule juu ya nyaya, kisha akataga palepale aliposimama, kati ya miguu ya wenzake. Wazee walisema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Kizimba hakina hata vumbi la kuchakura wala la kuoga.

Wafugaji mliopo mbele mnanitazama kwa jicho la pembeni, na mna haki. Kizimba kina sifa zake. Kinyesi hudondoka chini, kuhara damu kunapungua, mayai hutoka safi, chakula hakimwagwi, mtu mmoja huhudumia kuku wengi. Sakafuni, maranda yakilowa, harufu ya amonia inakutoa machozi kabla hujawahesabu kuku, na kudonoana kunaweza kuua. Nimeingia mabanda ya sakafuni ambayo singemtakia ndege yeyote. Lakini maranda yanageuzwa na kubadilishwa, viota vinaongezwa, msongamano unapunguzwa. Kasoro za banda baya zinatibika kwa usimamizi. Kasoro ya kizimba ni kizimba chenyewe, hata kiwe safi namna gani.

Na bei? Yai ni nyama ya maskini, na msomi mwenye mshahara hana ruhusa ya kulipandisha bei kwa ajili ya dhamiri yake. Hoja hii naiheshimu kuliko zote. Ila chakula, yaani mahindi, mashudu, soya na dagaa, ndicho kinachobeba karibu theluthi mbili au zaidi ya gharama ya yai. Mahindi yakipanda, mama muuza mayai ya kuchemsha huumia kuliko atakavyoumizwa na viota. Anayemtetea mlaji maskini aanzie hapo.

Kuna watakaosema kuku ni kuku tu. Oktoba 2017 vifaranga 6,400 walioingizwa Tanzania kutoka Kenya walichomwa moto wakiwa hai, baada ya kukamatwa mpakani Namanga. Watu walilaani pande zote mbili za mpaka, na hawakulalamikia hasara ya fedha peke yake. Tunayo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kwamba kuku anahesabika, tumeshakubaliana. Na hata sokoni tuna desturi ya kuhoji: Mwislamu hanunui kuku aliyechinjwa bila kuuliza amechinja nani, kwa kuwa Mtume alifundisha kisu kinolewe na mnyama astareheshwe. Dakika ya mwisho ya kuku tunaijali sana. Sioni kwa nini mwaka mzima uliotangulia usiulizwe.

Tatizo la yai ni kwamba halijibu. Kiini cha njano hakithibitishi uhuru. Mahindi ya njano na majani hutosha kukitia rangi hiyo. Ulaya, tangu 2004, yai hupigwa muhuri: sifuri la kilimo hai, moja la kuku watokao nje, mbili la sakafuni, tatu la kizimba. Sisi hatuhitaji kungoja mihuri. Mwenye duka anayechukua trei kumi kwa wiki anamjua mfugaji wake kwa jina na namba ya simu. Akiulizwa na wateja watano kama kuku wa huko wana viota, wa sita atakuta jibu liko tayari.

Mnunuzi mkubwa kuliko wote hapa, hata hivyo, si mimi wala wewe. Ni mkahawa wa chuo. Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, zabuni ya vyakula hutangazwa upya mwaka wa fedha unapoanza, mwezi wa saba. Ninaomba kiongezwe kipengele kimoja: mayai yatoke kwa kuku wafugwao sakafuni, wenye viota, na mzabuni akubali banda lake likaguliwe na wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu bila taarifa. Tofauti ya bei, kama ipo, ibandikwe ukutani pale mkahawani, kwa shilingi, ili anayenunua chapati na yai aione na aseme lake.