Hotuba ya Katibu wa Kwaya: Mambo ya Tarehe 25 Septemba



Kamati ilipochagua tarehe 25 Septemba kwa jubilei hii ya miaka 25, niliombwa nieleze kwa ufupi mambo mengine yaliyotukia tarehe kama hii. Nimechagua matano.

La kwanza ni la muziki. Tarehe 25 Septemba 1906 alizaliwa Dmitri Shostakovich, mtunzi wa Urusi. Mwaka 1942 simfonia yake ya saba ilipigwa Leningrad, mji ukiwa umezingirwa na majeshi ya Ujerumani. Wapiga ala walikuwa wamedhoofika kwa njaa, hata wengine wakaletwa kutoka jeshini ili kujaza nafasi. Wakapiga mpaka mwisho. Wenye udhuru wa mvua kila siku ya mazoezi wamesikia.

La pili ni la majirani. Tarehe hiyo mwaka 1964, FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam miaka miwili kabla, kilianza vita vya kuikomboa Msumbiji. Uhuru ulipatikana mwaka 1975.

La tatu na la nne yalitukia siku moja, Jumapili ya tarehe 25 Septemba 2011. Patrick Makau alishinda marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38, akaivunja rekodi ya dunia ya Haile Gebrselassie wa Ethiopia kwa sekunde 21. Kwa wanawake alishinda Florence Kiplagat, binti wa Bonde la Ufa. Usiku wa Jumapili hiyo hiyo, Profesa Wangari Maathai akafariki Nairobi kwa saratani. Nchi iliyolala ikishangilia iliamka ikilia.

Profesa alizaliwa Nyeri, lakini sehemu ya utoto wake, miaka ya 1940, aliishi katika shamba la mzungu karibu na Nakuru, ambako baba yake alikuwa dereva na fundi. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, na mwaka 2004 akawa mwanamke Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Amani ya Nobel. Aliomba mwili wake usiwekwe katika jeneza la mbao, basi likatengenezwa la mianzi, mafunjo na magugu maji.

La tano: mwaka 2022, tena Jumapili, tena Berlin, Eliud Kipchoge aliweka rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Rekodi hizo mbili zimekwisha kuvunjwa, lakini bado tunazitaja kwa sababu ziliandikwa.

Katika mashamba yale ya wazungu waliishi familia nyingi, wakiwemo babu na nyanya za baadhi yetu. Nao walizaa, wakaozana, wakazikana. Tarehe zao nyingi hakuna aliyeziandika.

Hapo ndipo ninapofika kwetu. Daftari letu la miaka sita ya kwanza liliharibika kwa maji ya mvua. Tunajua kwaya ilianza na watu kumi na wanne, lakini majina tuliyo nayo ni tisa. Yale matano yamo vichwani mwa waanzilishi watatu walioketi hapa mbele leo. Tusipowauliza sasa, tutamwuliza nani?

Kwa hiyo, baada ya chakula nitakuwa mezani karibu na mlango, na daftari jipya. Mama zetu, baba zetu, njooni mtuambie: nani waliimba sauti ya kwanza, nani alishona sare za mwanzo, nani tulimzika na lini. Vijana, kila mmoja akae na mzee mmoja, aandike.

Kwaya yetu imewahi kuimba kwenye mazishi asubuhi na harusini alasiri, siku hiyo hiyo. Yote mawili yaandikwe.



Katibu wa Kwaya