Gesi yetu: bomba linaishia wapi?

(Maneno niliyoyasema mbele ya Watanzania wenzangu hapa Johannesburg. Nayaweka hapa kwa walioniomba, na kwa ndugu zetu walioko nyumbani.)



Nimeombwa nizungumzie gesi asilia, na nimeona wengine mkitabasamu: muuguzi na gesi wapi na wapi? Ni kweli mimi si mtu wa miamba, mimi ni mtu wa wodi. Lakini kabla sijaja huku Bondeni nilifanya kazi nyumbani, wodi ya watoto, na pale nilipokea watoto wa vifua wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ukimuuliza mama anapikia nini, jibu ni lile lile: mkaa au kuni, na mvua ikinyesha jiko linaingia ndani. Serikali yetu yenyewe imekuwa ikitaja vifo vipatavyo 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi wa kupikia. Kwa hiyo kwangu mimi gesi ni suala la mapafu kwanza, dola baadaye.

Nianze na hapa tulipo. Mnaopita Cottesloe mnayajua yale majengo ya matofali na matangi makubwa ya chuma. Hapo ndipo jiji hili lilipotengenezea gesi kutokana na makaa ya mawe, hadi 1992. Leo gesi inayowaka kwenye majiko ya nyumba na migahawa iliyounganishwa na mabomba ya jiji inatoka Msumbiji. Inatoka kwenye visima vya Pande na Temane, mkoa wa Inhambane, inasafiri kwenye bomba la kilomita 865 hadi Secunda, na toka huko inasambazwa. Kampuni ya Sasol ililifungua bomba hilo 2004.

Sasa angalieni tarehe. Gesi ya Pande iligunduliwa 1961, mwaka ule ule tuliopata Uhuru. Ya kwetu ya Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa 1974. Zote mbili zilikaa ardhini miaka na miaka, na zote mbili zikaanza kutiririka kwa bomba 2004: ya Msumbiji ikaja Afrika Kusini, ya kwetu ikaenda Dar es Salaam.

Na kazi zilizotokana na ile ya Msumbiji ziko wapi? Ziko Secunda na Sasolburg, kwenye viwanda vya mafuta na kemikali. Kule Vilankulo na Inhassoro upo mtandao mdogo wa gesi, nisiseme uongo, lakini sehemu kubwa kabisa ilivuka mpaka. Gesi ilivuka bila pasi wala viza. Vijana wa Msumbiji walioifuata kutafuta kazi, tunajua yaliyowakuta. Mei 2008, miaka minne tu baada ya bomba kufunguliwa, zaidi ya watu 60 waliuawa katika vurugu za kuwafukuza wageni zilizoanzia hapa Alexandra, na Wamsumbiji walikuwamo. Wengi wenu mliokuwapo mnakumbuka mlilala wapi usiku ule.

Ndugu zangu, naomba niseme kidogo gesi ni kitu gani, maana mabishano mengi yanatokana na kutoelewa hapo. Ardhini hakuna ziwa la gesi. Mamilioni ya miaka iliyopita, Madagaska ilipojitenga na bara letu, bahari iliingia katikati. Mito kama Ruvuma na Rufiji ikamwaga humo mchanga na tope, tabaka juu ya tabaka. Mabaki ya mimea na viumbe wadogo yaliyozikwa humo yakapikwa na joto la ardhi yakawa gesi. Gesi ikapanda, ikaingia kwenye mwamba wa mchanga wenye vitundu vidogo kama vya mkate wa kumimina, na juu yake tabaka la udongo mzito likaifunika kama kifuniko cha sufuria. Ndiyo maana imepatikana Songo Songo, Mnazi Bay, na kuanzia 2010 kwenye bahari ya kina kirefu mbele ya Lindi na Mtwara, na upande wa pili wa Ruvuma huko Cabo Delgado. Mwamba haujui mpaka wa Wajerumani na Wareno.

Kiasi kinachotajwa kwetu ni futi za ujazo trilioni 57. Ni nyingi. Ndipo mama yangu ananipigia simu kuniuliza: mwanangu, kama tunayo yote hiyo, mbona mtungi unapanda bei?

Jibu ni kwamba gesi ya mtungi siyo gesi ya Mtwara. Ya mtungi ni propani na butani, inayokubali kuwa kimiminika kwa kubanwa tu, na tunaiagiza kwa meli kutoka nje. Ya Mtwara na Songo Songo karibu yote ni methani. Hiyo ili iwe kimiminika lazima ipoozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, kwa hiyo haiingii kwenye mtungi wa kilo sita. Ili imfikie mama jikoni inahitaji bomba la mtaani, mpaka mlangoni. Na hilo bomba la mtaani ndilo ambalo hatukulipa kipaumbele. Tulijenga bomba kubwa la kilomita 542 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, kwa mkopo wa China, likakamilika 2015. Lilitusaidia, tusiwe wachoyo wa shukrani: kabla bwawa la Julius Nyerere halijaanza kuzalisha umeme 2024, zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ulitoka kwenye gesi. Lakini nyumba zinazopikia gesi hiyo zimebaki chache mno.

Sasa tukumbuke Mtwara 2013. Januari na tena Mei wananchi waliingia barabarani wakisema gesi haitoki. Nyumba zilichomwa, jeshi likapelekwa, watu wakapoteza maisha. Wapo walioketi Dar wakawaita wabinafsi, eti gesi ni ya Taifa zima. Ni ya Taifa, sawa. Lakini wale watu hawakuwa wajinga. Walishaona korosho yao ikiondoka ghafi miaka yote, na viwanda vya kubangua vimefungwa. Walichouliza kilikuwa halali kabisa: bomba linaanzia kwetu, linaishia wapi? Hawakujibiwa kwa hesabu, walijibiwa kwa mabomu ya machozi.

Jirani zao wa Cabo Delgado walijibiwa vibaya zaidi. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vina sababu nyingi, za dini, umaskini na utawala mbovu, sitaki kuvirahisisha. Lakini Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, mradi wa mabilioni ulisimama, na wakimbizi walikuwa wakigonga mpaka wetu. Hata Kitaya, Mtwara, ilishambuliwa Oktoba 2020.

Kwetu mradi wa kusindika gesi Likong'o, Lindi, unakadiriwa kugharimu dola bilioni 42. Mei 2023 tuliambiwa mazungumzo yamekamilika. Ikapita 2024, ikapita 2025, uamuzi wa kujenga haujatolewa. Wengine wanasikitika. Mimi nasema kama bado hatujatia saini, basi bado tunayo nafasi ya kuuliza. Nina mambo matatu.

Kwanza, mkataba utamke ni gesi kiasi gani inabaki nyumbani, na kati ya hiyo ni kiasi gani cha jikoni. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034. Bila mabomba ya mitaani, tutaufikia kwa mitungi ya kuagiza tu.

Pili, mkataba uwekwe wazi. Tunayo sheria ya 2015 ya uwazi katika madini, mafuta na gesi. Itumike.

Tatu, tujue siku visima vitakapokauka itakuwaje. Hapa Afrika Kusini, Sasol ilipotangaza 2023 kwamba gesi ya Pande na Temane kwa wateja wa nje inaelekea ukingoni, wenye viwanda walipiga kelele nchi nzima ikasikia, na tarehe ikasogezwa mbele. Waliosikika ni walio mwisho wa bomba. Sikusikia mtu akimuuliza mwanamke wa Inhassoro naye atabaki na nini.

Tunatuma hela nyumbani kila mwezi, na sehemu yake inanunua mkaa. Basi mbunge wako akipita huku kututembelea, usimuombe picha tu. Muulize hayo matatu.

Naomba kuwasilisha.