Mji Bora kwa Mgeni: Hoja Kuhusu Vigezo vya Kuipanga Miji ya Utalii Duniani



Kila mwaka orodha za miji inayoongoza kwa utalii duniani hutolewa, na kila mwaka ubishi huzuka upya: Paris au Tokyo, Bangkok au London? Sikuja kuutetea mji mmoja dhidi ya mwingine kwa mapenzi tu. Nimekuja kuhoji kipimo. Kwa maoni yangu, mji unastahili nafasi ya juu pale wenyeji wanapoendelea kuishi humo maisha yao, na mgeni akayakuta.

Idadi peke yake haitufikishi mbali. Mwaka 2024 kampuni ya utafiti ya Euromonitor iliiweka Paris nafasi ya kwanza kwa kujumlisha vigezo vingi, vikiwemo miundombinu, usalama na sera za utalii. Lakini kwa wageni walioingia kutoka nchi za nje, ulioongoza ulikuwa Bangkok, kwa watu zaidi ya milioni 32. Hesabu hiyo ya wageni wa nje nayo ina walakini. Wachina wa bara wakivuka kuingia Hong Kong huhesabiwa kuwa wageni wa kimataifa. Varanasi, mji wa mahujaji wa Kihindu kando ya mto Ganges, hufurika watu kutoka kila pembe ya India, na hao hawamo katika hesabu.

Sasa tuitazame Venice, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka. Uzuri wake haubishaniwi. Lakini mwaka 1951 mji wake wa kale wa visiwani ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Ilipofika 2022 walikuwa wamepungua chini ya 50,000. Karibu na daraja la Rialto kuna duka la dawa lililoweka dirishani kibao cha kuonyesha idadi ya wakazi waliobaki. Sijui mji mwingine unaojihesabu hivyo hadharani. Utalii si sababu pekee: maji ya mafuriko yapo, na wengi walifuata kazi na nyumba nafuu upande wa bara. Hata hivyo, nyumba ikishageuzwa ya kupangisha wageni kwa siku mbili tatu, mwalimu au muuguzi hawezi tena kuimudu. Serikali ilizizuia meli kubwa za kitalii kupita mfereji wa Giudecca mwaka 2021, na Aprili 2024 mji ukaanza kuwatoza wageni wa kutwa yuro 5 kwa siku zilizoteuliwa. Ni hatua za kweli, ila zinapunguza msongamano tu, hazimrudishi aliyehama.

Mimi nafasi ya kwanza naipa Istanbul. Mgeni anayevuka Bosphorus kutoka Eminönü kwenda Kadıköy hupanda kivuko kilekile cha mfanyakazi, kwa njia ileile, na chai hiyohiyo inauzwa ndani. Msikiti wa Süleymaniye, uliojengwa na msanifu majengo Sinan na kukamilika 1557, unaswaliwa hadi leo. Wakazi ni zaidi ya milioni 15, kwa hiyo umati wa wageni haujaumeza mji. Dosari zipo: mtaa wa Sultanahmet umejaa hoteli, na tangu Januari 2024 mtalii wa kigeni hulipa yuro 25 kuingia Hagia Sophia. Lakini ukitoka mtaa huo kwa miguu, baada ya muda mfupi umo katika mji wa watu.

Fez nayo ningeipandisha juu sana. Katika mji wake wa kale magari hayapiti, punda na nyumbu ndio wabebaji, na mafundi wa ngozi wanaendelea na kazi ya baba zao.

Najua pingamizi litakalokuja: wageni ndio ajira. Ni kweli, na sipendekezi miji ifungwe. Barcelona, ambako wakazi waliandamana barabarani mwaka 2024, imetangaza kwamba leseni za nyumba za kupangisha watalii, zaidi ya 10,000, hazitahuishwa zitakapokwisha 2028. Uamuzi huo unafaa kufuatiliwa kwa makini, maana unagusa makazi yenyewe badala ya kiingilio.

Swali hili linatuhusu pia. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, na miji yote miwili iliandikwa humo ikiwa na watu wake, misikiti yake na masoko yake, si kuta tupu.

Nawaomba, ninyi mnaoongoza watalii na mnaoandika habari za utalii, mtakapoulizwa mji gani ni bora, mwulize kwanza ni wenyeji wangapi bado wana uwezo wa kulipa kodi ya nyumba humo.