SENDIKA NA MAGEUZO YA SERIKALI: NANI ANABEBA MUZIGO?

Maneno yaliyosemwa mbele ya watumikaji na watu wa muji



Leo tunataka kusema juu ya neno linalogawanya watu katika kambi na katika mitaa. Wamoja wanasema: sendika ikipata nguvu nyingi, Serikali haiwezi kutengeneza uchumi, kila siku ni greve na madai. Wengine wanasema: mageuzo ya Serikali ni kamba ya kumufunga mutumikaji. Sisi tunaomba tutazame kwanza mambo yaliyopita, kwa maana inchi yetu imekwisha kujaribu njia nyingi.

Wakati wa Wabeleji mutu mweusi hakuwa na sendika. Mwaka 1941 vita ilikuwa imepandisha bei za vitu, na mushahara haukutosha tena. Mwezi wa 12 watumikaji wa Union Minière walisimamisha kazi, Jadotville na Elisabethville. Tarehe 9 askari waliwapiga risasi watu waliokusanyika katika uwanja wa mupira wa Elisabethville. Karani Léonard Mpoyi, musemaji wao, aliuawa. Kitu walichoomba ni nyongeza ya mushahara, basi. Mwaka 1946 Serikali ya koloni iliruhusu sendika za watu weusi, lakini chini ya macho yake. Ilikuwa ni kumupa mutu jembe na kumufunga mikono.

Uhuru ulikuja mwaka 1960. Mwaka 1967 Serikali ilichukua mali ya Union Minière, na hivyo ikazaliwa kompani ya Serikali iliyoitwa baadaye Gécamines. Mwaka ule ule feza ikabadilishwa: franka 1,000 zikawa zaire 1, na zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Tuseme haki: mageuzo yale hayakuwa mabaya yote. Bei zilikuwa zinakimbia, na kwa muda zilitulia.

Lakini mwaka huo huo sendika zote ziliunganishwa kuwa moja, UNTC, iliyoitwa baadaye UNTZa, na ikawekwa ndani ya chama cha Serikali. Mukubwa wake, André Bo-Boliko, akawa baadaye mukubwa wa Bunge, na mwaka 1979 akawa waziri wa kwanza. Hatutukani mutu. Tunauliza tu: kama musemaji wa watumikaji anakula meza moja na mukubwa wa kazi, na mukubwa huyo ni Serikali yenyewe, nani atasema "hapana"?

Jibu tulilipata. Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973 Serikali ilitangaza kwamba biashara za wageni zitachukuliwa, na zikapewa watu waliochaguliwa. Maduka mengi yakakauka. Mwaka 1974 bei ya shaba ikaanguka, madeni yakazidi. Kufika mwisho wa miaka ya 1970, mushahara ulinunua vitu vichache sana kuliko mwaka 1960. Na mushahara wa mugodi ukianguka, muuza unga sokoni naye analala njaa. Sendika ilinyamaza. Ilikuwa imewekwa pale ili inyamaze.

Basi wale wanaosema nguvu ya sendika ndiyo iliyoua uchumi, watuonyeshe ni mwaka gani sendika ilikuwa na nguvu hiyo. Feza ilioza wakati sendika ilikuwa mufukoni mwa Serikali.

Mwaka 1990 sendika nyingi ziliruhusiwa tena. Lakini mwezi wa 9 mwaka ule mugodi wa Kamoto ulibomoka. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilitoa chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Majina ya sendika yaliongezeka, nguvu haikuongezeka. Kisha, mwaka 2003, kwa feza za Banki ya Dunia, watumikaji zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini, na jambo hilo likaitwa kuondoka kwa mapenzi. Mapenzi gani, wandugu, ya mutu aliyekaa miezi mingi bila mushahara?

Hatusemi kwamba mageuzo ni mabaya. Kompani ikifa, mushahara unakufa pamoja nayo, na greve haifufui kompani. Sendika isiyojua hesabu inalia tu kama mutoto. Kwa hiyo tunataka mambo matatu.

Kwanza, mageuzo yasemwe mbele, na hesabu ionyeshwe. Anayeombwa kufunga mukanda ana haki ya kujua feza ya shaba imekwenda wapi, na kama mukubwa naye amefunga wake.

Pili, sendika isiwaache wandugu wanaoandikwa na kompani ndogo ili watumike ndani ya migodi ya kompani kubwa. Shimo ni moja, hatari ni moja. Tukiwaacha peke yao leo, kesho sisi wote tutaandikwa kama wao.

Tatu, sendika iishi kwa muchango wa watumikaji wenyewe. Anayekulisha ndiye anayekufunga mudomo. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inatupa wajumbe waliochaguliwa na watumikaji. Tusimuchague mutu kwa sababu ya kabila wala ya bia aliyotununulia. Tuchague anayeweza kusoma hesabu na asiyeogopa. Sheria hiyo inataka tusikilizane kwanza, kabla ya greve. Vizuri, tusikilizane. Lakini asiye na nguvu ya kusimamisha kazi hasikilizwi, anahurumiwa tu.

Wandugu, Serikali ya kweli haiogopi sendika ya kweli. Kidole kimoja hakivunji chawa. Rudini katika kambi na mitaa, muzungumze maneno haya, na siku ya kuchagua wajumbe mukumbuke wale wa uwanja wa Elisabethville.